Patisipio za Kilatini zimenikwamisha, naombeni ushauri

Mwanagenzi
Wakuu, habari za jioni. Najisomea Kilatini nikitoka kazini. Nomino nimezimudu, vitenzi vinakwenda, ila patisipio, yaani vitenzi vilivyogeuzwa vivumishi, zimenishinda: amans, amantis (anayependa), kisha amatus (aliyependwa), kisha amaturus (atakayependa). Nikariri majedwali yote upya? Halafu kitabu kinaandika ablativu (umbo la "kwa, kutoka, pamoja na") amante, kurasa mbili mbele kinaandika amanti. Nishike lipi?

Mzee wa Sarufi
Usikariri jedwali jipya hata moja. Amatus na amaturus zinafuata miisho ya kivumishi bonus, bona, bonum ("-ema"), basi. Kazi iko kwenye amans. Hiyo ni ya kundi la tatu la miisho ya nomino: nominativu (umbo la mtenda) ya umoja ni moja kwa jinsia zote, na shina unalipata kwenye jenitivu (umbo la "-a" ya umilikaji), amant-. Jenitivu ya wingi ni amantium, si amantum. Wanafunzi wengi huidondosha hiyo i.

Ablativu shika zote mbili. Ikiwa kivumishi tupu, -i. Ikibeba kazi ya kitenzi, au ikisimama kama nomino, -e. Ndiyo maana husemwa Deo volente, Mungu akipenda.

Besi wa Kwaya
Mkuu, kama unaimba misa ya Kilatini, fungua Credo ya Nikea, ile Kanuni ya Imani, patisipio zimejaa humo. Natum (aliyezaliwa), tena genitum, non factum (aliyezaliwa, asiyeumbwa): zote akuzativu, umbo la mtendwa, zinapatana na Filium (Mwana) aliyetajwa juu kabisa. Roho Mtakatifu naye ni vivificantem (mleta uzima), akuzativu ya wakati uliopo. Venturus est (atakuja) ni nominativu. Ukifika mwisho, vitam venturi saeculi (uzima wa ulimwengu ujao), neno lilelile limeingia jenitivu. Sisi tuliozoea watu hawa na vitu hivi, upatanisho hautupi shida. Shida ni kumjua bwana wa neno, yaani nomino inayopatana nalo, yuko wapi, maana Kilatini humweka mbali.

Mzee wa Sarufi
Umenena. Na humohumo kuna locutus est per prophetas: sura ya kutendwa, maana ya kutenda, "alinena". Natum na passus (aliteswa) ni za ukoo huohuo. Hazibadili miisho, zinabadili tafsiri tu.

Mwanagenzi
Shikamoo mzee, nimeelewa. Swali dogo: kitenzi eo (nakwenda) kina iens, kisha euntis. Wamekosea kuchapa?

Mzee wa Sarufi
Marahaba. Hawajakosea. Iens, euntem, euntis, eunte. Hiyo ndiyo ya kukariri. Tazama Mathayo 28:19 katika Vulgata, Biblia ya Kilatini, "Euntes ergo docete omnes gentes" (basi enendeni, mkawafundishe mataifa yote). Euntes hapo ni nominativu ya wingi, wanaoambiwa ni wale mitume kumi na mmoja.