Tupeane uzoefu: kuweka yuza na paswadi kwenye Nagios, ulikwama wapi na ukatokaje?

Wakuu habari za jioni. Wale tunaochunga mitandao kwa Nagios (programu inayofuatilia kama vifaa na huduma za mtandao viko hewani) naomba tupeane uzoefu kwenye kipengele kimoja tu, kuipitisha kwenye Apache (seva ya wavuti) ili watu waione kwa browza. Kuinstall haina shida, shida ni nani aingie na akishaingia aone nini.

Naanza mimi. Kuna ofisi hapa Dar nilifunga, swichi kama arobaini na rauta za matawi. Nikatengeneza faili la paswadi kwa htpasswd -c (komandi ya Apache ya kuandika yuza na paswadi), nikaweka nagiosadmin, ikakubali. Baadae bosi akataka na vijana watatu wa helpdesk waone, basi nikabonyeza kishale cha juu kwenye terminal nikairudisha ile komandi ya mwanzo nikawa nabadilisha jina tu, enter, jina lingine, enter. Kesho yake saa mbili asubuhi napigiwa simu hakuna anayeingia isipokuwa kijana mmoja. Nafungua /usr/local/nagios/etc/htpasswd.users nakuta mstari mmoja, wa yule niliyemuweka mwisho. Kumbe ile -c inaanzisha faili upya, kama lipo linafutwa lote. Ni ya siku ya kwanza tu, wanaofuata unawaongeza bila -c. Sasa hivi naweka na -B paswadi zihifadhiwe kwa bcrypt (njia ya kuzificha isiyovunjika kirahisi).

Nikawarudisha wote, wakaingia, wakakuta kurasa tupu zinasema huna ruhusa ya kuona hosti (kifaa kinachochungwa) yoyote. Hapo ndo nikaelewa Apache ni mlinzi wa getini tu, anataka jina na paswadi basi. Vyumba vya ndani anafungua Nagios mwenyewe kwa kuangalia cgi.cfg, faili lake la mipangilio ya kurasa. Jina la yuza lazima lifanane herufi kwa herufi na contact_name (jina la mhusika lililoandikwa ndani ya Nagios) ndo ataona hosti alizopangiwa, au umuandike kwenye authorized_for_all_hosts na authorized_for_all_services. Mimi contact niliandika "Helpdesk1" na yuza "helpdesk1", siku nzima ikaishia hapo.

*fundi_waya:*
Mkuu umegusa penyewe. Yangu ilikuwa mbaya zaidi maana haikutoa error yoyote. Nilitaka mtu awe ndani ya LAN yetu (mtandao wa ndani wa ofisi) NA awe na paswadi, nikaandika mistari miwili inafuatana:

Require ip 192.168.10.0/24
Require valid-user

Nikajaribu kwa simu kwa bando langu, ikaniuliza paswadi, nikasema safi. Kilichonishtua ni kijana wa field kaja kaketi meza ya mapokezi, kafungua browza, kaingia moja kwa moja bila kuulizwa kitu! Tangu Apache 2.4 mistari ya Require ukiipanga hivyo mmoja ukikubali inatosha, yani walio ndani ya LAN hawaulizwi paswadi na wa nje akiwa na paswadi anapita. Ukitaka yote mawili lazima uyafunge ndani ya <RequireAll>. Na ukumbuke zile Order deny,allow za mafundisho ya zamani ni za 2.2, usichanganye na mpya kwenye faili moja.

Halafu wa LAN wakiingia bila jina Nagios haiwatambui, inawanyima kila kitu, na ndo maana mtu kabla yangu alikuwa kaweka default_user_name=nagiosadmin kwenye cgi.cfg ili "ifanye kazi". Ndugu zangu hiyo laini ni hatari mno, kila anayefika hapo anakuwa admin, anaweza kuzima notification za hosti zote na usijue mpaka mteja apige simu. Wekeni alama ya # mbele yake leo hii.

*msimamizi_msa:*
Niko Mombasa, yangu ni fupi. Kuingia naingia, kuona naona, nikibonyeza acknowledge (kuonyesha tatizo nimeliona) inakataa, inasema haiwezi kufikia faili la komandi. Nikamuongeza www-data (yuza ambaye Apache anatumia) kwenye grupu ya nagcmd, yenye ruhusa ya faili hilo, bado. Nikapoteza masaa, kumbe Apache hajui grupu mpya hadi umrestart. Restart moja ikakubali.

*bi_mitandao:*
Asanteni, ila jamani mbona hakuna aliyegusa https? AuthType Basic (namna hii ya Apache kuuliza paswadi) haifichi paswadi, inaipeleka kwa base64 tu na kuifungua ni sekunde. Nilikaa na mwenzangu tukawasha tcpdump (programu ya kunasa kinachopita kwenye mtandao) kwenye seva, nikaingia kwa http ya kawaida, laini ya Authorization ikaonekana wazi, tukaifungua kwa base64 -d na paswadi yangu ikatoka nzima, paswadi ambayo nilikuwa naitumia na kwenye rauta. Nilibadilisha zote usiku huo huo. Kama Nagios yako iko wazi kwenye intaneti weka cheti cha https, cha Let's Encrypt ni bure, cha siku 90 na kinajihuisha chenyewe ukipanga vizuri, halafu port 80 (ya http) ielekeze 443 (ya https). Kama hakuna anayeihitaji akiwa nje, iache nyuma ya VPN.

*mwanzilishi wa uzi:*
Bi mitandao umenishtua, yangu bado iko port 80. Kesho naingia site mapema kabla ya watu kufika, naanza na cheti halafu kila yuza naye abadilishe paswadi. Fundi waya nami nimeenda kuangalia cgi.cfg sasa hivi, default_user_name ina # mbele.