Mkono wangu ulilegea kweli nilipopimwa misuli. Niamini nini?

Mama Pacha:
Habari zenu wanajamvi. Uchovu umenikaba miezi minne sasa. Nikipanda ngazi moyo unanidunda, nikisimama ghafla macho yanaingia giza. Rafiki akanipeleka kwa mama mmoja anayepima mahitaji ya mwili kwa misuli. Nilinyoosha mkono wa kulia usawa wa bega, wa kushoto ukashika kichupa kifuani, naye akanibonyeza juu ya kifundo cha mkono, karibu na kiganja, kwa vidole viwili. Kwa zinki mkono ulikaza. Kwa madini ya chuma ukashuka kama kamba iliyolowa, akasema mwili hauyataki. Maziwa nayo akayakataza. Sikuigiza, wallahi, niliusikia mkono ukiisha nguvu. Wiki tatu sijagusa maziwa, zinki nameza kila siku, na uchovu uko palepale. Kuna mwenye uzoefu?

Mnyoosha Viungo:
Pole sana dada. Mimi ni mtu wa fiziotherapia, misuli naipima kila siku, kwa hiyo jambo hili linanigusa. Kipimo chetu kina alama 0 hadi 5: 0 msuli haujikazi kabisa, 3 unainua kiungo dhidi ya uzito wake tu, 5 ni nguvu kamili. Kinanieleza habari za msuli wenyewe na neva yake, kwa mfano baada ya kiharusi. Kuhusu zinki hakinielezi chochote.

Ulichofanyiwa kilianzia Marekani mwaka 1964, kwa George Goodheart, tabibu wa kunyoosha uti wa mgongo. Mwaka 1988 kulichapishwa utafiti ambao wapimaji watatu wazoefu waliwapima watu 11 kuhusu virutubisho vinne, zinki ikiwemo. Hawakuafikiana wao kwa wao, wala majibu yao hayakulingana na ya maabara.

Kulegea kwako nakuamini. Mkono ulionyooka ni wenzo mrefu: ukibonyezwa karibu na kiganja bega linabeba mzigo mkubwa kuliko ukibonyezwa karibu na kiwiko. Abonyeze kabla hujajiandaa, au mara ya kumi bega likiwa limechoka, utashuka tu. Halafu kuna matarajio, yako na yake, yanayosukuma misuli bila mtu kukusudia. William Carpenter, daktari Mwingereza, aliliandika hilo tangu 1852. Yule mama huenda hakudanganyi hata kidogo.

Ila dalili ulizotaja zinanitia wasiwasi. Kapime damu wiki hii, tafadhali.

Kaka wa Tatu:
Sisi tulijaribu nyumbani, maana mama yetu alikuwa ameacha vyakula saba kwa kipimo hiki na nguo zikaanza kumpwaya. Bahasha mbili zinazofanana, moja ina vidonge vyake, nyingine sukari ya uzito uleule. Dada alizichanganya chumba cha pili na kuandika namba, kisha akabaki hukohuko. Mimi nabonyeza, mama anashika, hakuna anayejua. Mara 20, tukapatia 9. Tulipozifungua na kurudia tukiziona, mkono haukukosea hata mara moja. Mama alikaa kimya muda mrefu, jioni akala mayai.

Mama Pacha:
Nimerudi na majibu. Hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ni 8.4, na daktari anasema kwa mwanamke asiye mjamzito inatakiwa isipungue 12. Akiba ya chuma imekwisha kabisa. Aliniuliza kuhusu hedhi, nikamweleza imekuwa nzito tangu mwaka jana, jambo ambalo sikuwahi kuulizwa nikiwa nimenyoosha mkono. Nimeanza dawa ya chuma, na wiki ijayo naangaliwa kizazi.

Mnyoosha Viungo:
Afadhali umekwenda. Usiache dawa ukishaanza kujisikia vizuri, akiba huchukua miezi kujaa. Chai ikae mbali na vidonge.

Mama Pacha:
Asante mkuu. Jumamosi nakwenda kumwonyesha yule mama karatasi ya maabara. Siku ile benchi lake lilikuwa na wanawake wengine wanne, na mmoja alishika ukuta aliposimama.