Tupeane uzoefu: kupunguza mwili ukiwa na kisukari, kwa sahani au kwa kisu

Mtaalamu wa lishe, Kisumu

Wadau, habari zenu. Naomba tukusanye hapa yale tunayoyajua kazini kuhusu watu wa kisukari aina ya pili wanaopunguza mwili. Hadithi za maji ya ndimu na tangawizi tuziache. Andika kipimo, dozi, saa, na kinachoharibika.

Nianze na jambo linalowapotosha wengi. Mtu hudhani kilo zitashuka kwanza, sukari ifuate. Ni kinyume. Mtu akishuka hadi kalori 600 au 800 kwa siku, sukari ya asubuhi huanza kuteremka baada ya siku chache tu. Roy Taylor na wenzake wa Newcastle, Uingereza, walionyesha mwaka 2011 kwamba inaweza kufika kiwango cha kawaida ndani ya siku 7, mizani ikiwa bado imesogea kidogo. Siri iko kwenye ini. Mafuta yaliyojazana humo ndiyo hutangulia kuchomwa, na ini likishapungua mafuta huacha kumwaga sukari kwenye damu usiku kucha. Kongosho, kiungo kinachotoa insulini, huchelewa, lenyewe hudai wiki kadhaa.

Kwa hiyo dozi ya leo hupangwa kwa sahani ya leo. Ukingoja mizani ikuambie, umechelewa.

Muuguzi, kliniki ya kisukari, Nakuru

Hapo kwenye dozi ndipo watu huangukia. Katika utafiti wa DiRECT wa Uingereza uliotoa matokeo 2017, dawa za sukari za kumeza na za presha zilisimamishwa siku ya kwanza kabisa ya lishe ya kalori 825 hadi 853. Lakini wale walikuwa watu ambao kisukari chao hakijazidi miaka 6, na hakuna aliyekuwa kwenye insulini. Huku kwetu anayekuja ana chupa ya insulini ya mchanganyiko, 70/30, na ameanza kujinyima tangu Jumatatu bila kumwambia mtu.

Tazama saa zake. Saa moja asubuhi anajidunga yuniti 20 kama kawaida. Chai anakunywa kavu, mkate ameacha. Ile sehemu ya 30 hufanya kazi upesi na inadai chakula palepale. Sehemu ya 70 hupanda polepole, na kufikia saa sita au saa nane mchana ndiyo iko kileleni. Akiwa sokoni anaanza kutoka jasho, mikono inatetemeka, anaongea maneno hayaeleweki, na walio karibu wanasema ni jua.

Kwa hiyo piga simu kliniki kabla ya kuanza. Insulini kwa kawaida hupunguzwa kwa theluthi hadi nusu siku ileile chakula kinapopunguzwa, kisha dozi hufuata vipimo. Vidonge vya sukari vya glibenklamaidi na ndugu zake husimamishwa, kwa sababu huilazimisha kongosho kutoa insulini hata tumbo likiwa tupu. Metformini yaweza kuendelea, peke yake haishushi sukari kupita kiasi. Dawa zinazotoa sukari kwa mkojo, kama empagliflozini na dapagliflozini, ni za kusimamisha kabisa. Ukiwa nazo huku huli wanga, damu yaweza kujaa asidi hali mashine ya kupima sukari inasoma 9 au 10 (mmol/L), namba ambayo haimtishi mtu. Dalili ni kichefuchefu, kutapika na kuhema haraka. Hiyo ni safari ya hospitali usiku huohuo.

Wiki mbili za kwanza pima kabla ya kifungua kinywa na kabla ya chakula cha jioni. Ikisoma chini ya 4.0, koroga vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, kunywa, ngoja dakika 15, pima tena. Usiende kulala kwanza.

Presha nayo hushuka. Ukisimama ukaona giza, dawa ya presha imeshakuwa kubwa kuliko mwili, hasa ile ya kukojoza.

Wenye kisukari aina ya kwanza hawamo katika haya ya kupunguza insulini. Wajawazito, wenye figo au moyo uliochoka, na wenye kidonda cha mguu wasijaribu lishe hii peke yao.

Mama Achieng (sijasomea, nauliza tu)

Sista, asante. Hizo kalori 850 ni chakula gani? Mimi najua ugali.

Mtaalamu wa lishe, Kisumu

Mama, tuanzie kwenye ugali basi. Unga wa mahindi gramu 100 una kalori kama 360 na wanga karibu gramu 75. Bonge la mtu mzima aliyezoea huchukua unga gramu 200 bila shida. Hizo ni kalori 720. Siku imeisha, na hujagusa mboga.

Sasa pima hivi: mayai mawili ya kuchemsha asubuhi. Mala (maziwa ya mgando) nusu lita, igawe mara mbili. Samaki, tuseme ngege (sato), nyama tupu gramu 200 baada ya kutoa miiba, wa kuchemsha na nyanya na kitunguu. Mboga za majani, osuga, sukuma au akeyo, gramu 400 kwa siku, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta. Jumla inakaribia kalori 870, na protini kama gramu 80 hadi 90, ambayo ndiyo hulinda misuli. Maji lita mbili au zaidi, na kidonge kimoja cha vitamini mchanganyiko. Kule Uingereza walitumia pakiti za unga wa kukoroga zilizokwisha kuwekewa vitamini. Ukitumia chakula cha kawaida, pengo ni lako kuliziba.

Kinachoharibu hesabu ni mafuta. Kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120. Sukuma iliyokaangwa kwa vijiko vitatu imeshapita samaki.

Mfamasia, Kakamega

Niongeze sukari guru. Huku kwenye miwa kuna imani kwamba haina neno kwa sababu haijapitia kiwanda kikubwa. Sehemu yake kubwa ni sukari ileile. Asali pia. Mshangao wa mteja nikimwambia hauishi.

Muuguzi, wodi ya upasuaji, Kisumu

Nije kwenye kisu. Operesheni mbili ndizo husikika zaidi. Ya kwanza hukata na kuondoa karibu robo tatu ya tumbo, hadi asilimia 80, likabaki kama ndizi. Ya pili hutengeneza kifuko kidogo cha takriban mililita 30 kwenye sehemu ya juu ya tumbo na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mdogo. Miongozo ya kimataifa ya 2022 huruhusu kuwazia upasuaji kuanzia BMI (kilo zako zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) 30 kwa mwenye kisukari aina ya pili, na 35 kwa yeyote.

Baada ya ile ya kifuko, chakula hufika chini mapema na homoni ya GLP-1, inayoichochea kongosho kutoa insulini, hupanda sana mtu akila, kongosho ikaamka. Ndiyo maana wengine hutoka wodini wakiwa na nusu ya dawa walizoingia nazo.

Tabibu, Bungoma

Sista, hapo tusiwauzie watu miujiza. Utafiti mdogo wa Marekani wa 2020 ulilinganisha waliopungua asilimia 18 ya uzito kwa upasuaji na waliopungua kiasi hichohicho kwa lishe. Mwitikio wa insulini na kazi ya kongosho viliboreka sawasawa. Tofauti ni kwamba wengi hawafiki asilimia 18 kwa lishe, na wakifika hawakai hapo.

Mwili hulipiza. Ukipungua, huchoma kidogo kuliko mtu mwingine wa uzito huohuo ambaye hakuwahi kunenepa. Washindani 14 wa shindano la televisheni la kupunguza uzito Marekani walipimwa tena miaka 6 baadaye: walikuwa wakichoma kalori kama 500 pungufu kwa siku. Leptini, homoni ya shibe, hushuka, na grelini, ile ya njaa, hupanda. Katika DiRECT, kwa asilimia 46 ya waliopewa lishe ile kisukari kilikuwa kimetulia baada ya mwaka mmoja. Baada ya miwili, 36. Nasema kimetulia, sisemi kimepona. Maana yake HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, chini ya asilimia 6.5 kwa angalau miezi 3 bila dawa. Uzito ukirudi, nacho hurudi. Sahani ya mtu wa kilo 95 haimfai akifika kilo 80: ipime upya kila ukipungua kilo 5.

Muuguzi, wodi ya upasuaji, Kisumu

Nakubali, Tabibu. Lakini grelini baada ya kukatwa tumbo hushuka badala ya kupanda, na ndilo jambo ambalo lishe haimpi mtu.

Mambo ya baada ya operesheni. Wiki mbili za kwanza vimiminika tu, kisha vilivyosagwa, kisha laini. Vigumu karibu wiki ya 6 au ya 8. Usinywe maji ukila, subiri nusu saa.

Wageni ndio hatari. Kwetu mgonjwa haangaliwi mikono mitupu: chupa ya uji wa sukari, soda, glukosi. Kwa mwenye kifuko, uji ule huteleza mara moja hadi utumboni. Dakika 15 hadi 30, moyo unakwenda mbio, tumbo linasokota, kuhara. Zaidi ya mwaka mmoja baadaye huweza kuja sura nyingine: saa moja hadi tatu baada ya kula wanga, sukari inaanguka. Akinyweshwa sukari nyingi tena, inapanda na kuanguka upya, kwa hiyo ikishapanda mpe yai au mala.

Dozi za kudumu: B12, chuma, vitamini D, na kalsiamu sitreti miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, isiyozidi 600 kwa mara moja na iachane na chuma kwa saa mbili. Anayetapika siku kadhaa apewe vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi, ubongo usije ukadhurika. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni ni marufuku kwa mwenye kifuko. Huchimba kidonda kwenye mshono. Akina dada, rutuba hurudi ghafla na vidonge vya kuzuia mimba haviaminiki tena. Wekeni kipandikizi au koili, msubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba.

Mfamasia, Kakamega

B12 hiyo iangaliwe hata kwa asiyepasuliwa. Metformini ya miaka mingi huipunguza. Ganzi ya miguu si lazima iwe ya sukari.

Mama Achieng

Na kipimo cha miezi mitatu kikisema 5.2 na mashine nyumbani inasoma 11?

Tabibu, Bungoma

Amini mashine kwanza, Mama. Ukanda huu wa ziwa una selimundu nyingi, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Chembe nyekundu zikiishi muda mfupi hazipati muda wa kushika sukari, na HbA1c hudanganya chini. Aliyeongezwa damu majuzi naye vilevile. Mwenye upungufu wa chuma, wanaoupata wengi baada ya upasuaji, hudanganywa juu. Leta daftari la vipimo vya wiki mbili, asubuhi na saa mbili baada ya kula, na uulize maabara kama wana fruktosamini, kipimo cha sukari kisichotegemea chembe nyekundu.