Jengo la UPE Libomolewe au Libaki? Hoja Yangu Kuhusu Shule Yetu ya Msingi

Swali linalobishaniwa ni hili. Shule yetu ya msingi, iliyojengwa na wanakijiji wakati wa UPE, yaani mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote, inakaribia kutimiza miaka 50, na kamati ya shule imependekeza kubomoa jengo la kwanza, lile la vyumba viwili na ofisi lililo karibu na barabara, ili pajengwe madarasa mapya. Baadhi ya waliosoma hapo, ambao wengi wao sasa wanaishi mijini, wanataka jengo libaki kama kumbukumbu na liwekewe kibao cha marumaru. Wazazi wenye watoto shuleni leo wanajibu kwamba mtoto hasomei ndani ya kumbukumbu. Mimi nilisomea chumba cha upande wa magharibi, na naweka wazi mapema kwamba naunga mkono kubomoa, ila kwa sharti moja ambalo hadi sasa hakuna aliyeligusa.

Kwanza tukumbushane jengo hilo lilitokana na nini, kwa sababu wapo wanaolizungumzia kana kwamba lilikuwa zawadi ya Serikali, na wapo wanaosema Serikali haikuweka hata msumari. Azimio la Musoma la Novemba 1974, uamuzi wa chama tawala cha TANU, liliagiza kwamba ifikapo Novemba 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule awe amepata nafasi, ilhali lengo la awali lilikuwa mwaka 1989. Muda ulikatwa kwa miaka 12, na hapakuwa na namna ya fedha wala walimu kuongezeka kwa kasi hiyo. Ndiyo maana vijiji viliambiwa vijenge kwa nguvu zao, na vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kuwa walimu, wakajifunza kazi huku tayari wanafundisha. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi nchini ilipanda kutoka takriban milioni 1.2 mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wanaotumia maneno "mwalimu wa UPE" kama tusi wajiulize ni nani angewafundisha kusoma hilo tusi.

Kwetu, kwa masimulizi ya wazee, kila kaya ilipangiwa idadi ya matofali, kina mama wakachota maji ya kufinyangia udongo, na Serikali ikaleta mabati na saruji ya sakafu. Kwenye ukuta wa nyuma, usawa wa kiuno cha mtoto, lipo tofali lenye alama ya kwato za mbuzi aliyelikanyaga likiwa bado bichi. Sidhani kama yupo aliyesoma pale ambaye hajawahi kuingiza vidole katika alama ile wakati wa paredi. Kwa hiyo naelewa uchungu wa wanaotaka jengo libaki, na sikubaliani na aliyeuita uchungu huo deko la watu wa mjini.

Hata hivyo, mfano wanaoutegemea haufanani na hali yetu. Wanataja Shule ya Msingi Mwisenge ya Musoma, ambako Mwalimu Nyerere alianza masomo mwaka 1934 na ambako darasa alilosomea limehifadhiwa. Mwisenge imehifadhiwa kwa sababu ya mtu mmoja ambaye taifa zima linamfahamu, na hata asiyejua lolote kuhusu shule hiyo ana sababu ya kufika. Jengo letu halina mtu wa namna hiyo. Thamani yake ni kwamba lilijengwa na watu wasiojulikana nje ya tarafa. Sheria nayo haitusaidii, kwa kuwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na la baada ya hapo linahitaji tamko la waziri. Wakati tunasubiri tamko hilo, ufa wa chumba cha mashariki utaendelea kupanuka. Kipimo ni watoto 45 kwa chumba kimoja, na anayetaka kujua tuko wapi aende asubuhi ya Jumatatu akaone darasa la pili wanavyobanana wanne kwenye dawati la watatu.

Sharti langu linahusu ofisi. Ndani yake kuna kabati la mbao, na ndani ya kabati kuna rejista za uandikishaji tangu shule ilipofunguliwa. Mwaka jana niliruhusiwa kuzipekua kwa muda wa saa mbili, nikatoka na hakika kwamba historia ya shule yetu imo humo zaidi ya ukutani. Kila mtoto ana namba, jina, jina la mzazi, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuandikishwa, na mwisho wa mstari kuna tarehe na sababu ya kuondoka. Kwenye ukurasa mmoja watoto 11 mfululizo wamezaliwa tarehe 1 Julai. Mtu wa leo atadhani mwandishi alikosea, lakini aliyeishi wakati ule anajua: umri ulipimwa kwa kupitisha mkono juu ya kichwa, na ukigusa sikio la upande wa pili, umefika; tarehe ilitafutwa baadaye.

Safu ya mwisho ndiyo nzito. "Amehama." "Utoro." "Amefariki." Na katika mistari mingi kuliko nilivyotarajia, "mimba", mbele ya majina ya wasichana ambao leo ni bibi zetu. Serikali iliruhusu wanafunzi wanaojifungua kurejea shuleni Novemba 2021, lakini hawa walifungiwa mlango miaka 30 au 40 kabla ya hapo, na ushahidi pekee wa kwamba waliwahi kukaa kwenye madawati yale ni mstari huo mmoja.

Hapa najua nitapingwa, na pingamizi lina uzito: ukiyatoa madaftari hayo kabatini, unaanika aibu ambayo watu walikwishaisahau. Jibu langu ni kwamba kuhifadhi si kuanika. Madaftari yapigwe picha ukurasa kwa ukurasa, na yenyewe yawekwe kwenye kabati la chuma ndani ya ofisi mpya. Majina ya mkupuo wa kwanza yaandikwe kwenye ukuta wa jengo jipya bila safu ya sababu, na majina ya wasichana wale yawemo kama ya wengine wote. Anayetaka kueleza kwa nini aliacha shule ataeleza mwenyewe. Kuyatupa hakuruhusiwi pia, maana ni nyaraka za umma, na ipo Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002. Tatizo ni kwamba fundi anayebomoa hasomi sheria. Yeye huona karatasi kuukuu na moto wa kuchemshia chai.

Kuhusu gharama, tangu Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 wazazi hawawezi kulazimishwa kuchangia, na sioni sababu ya kuwagusa. Fedha za kibao cha marumaru ambazo waliosoma hapo wameahidi kwa hiari yao zinatosha kununua kabati, na lile tofali la mbuzi litolewe kwa tindo na kujengewa kwenye ukuta mpya, usawa uleule wa kiuno cha mtoto.

Kabla mkutano mkuu wa kijiji haujapiga kura, nina ombi kwa waliowahi kufanya kazi au kukaa kwenye kamati pale. Rejista nilizoziona zinaishia 1980 na kuanza tena 1985. Aliyechukua daftari la katikati, hata kama alilichukua ili kulinusuru na mchwa, alirudishe kwa mwalimu mkuu, hataulizwa maswali.