Umefuta programu, diski zinaendelea kula pesa: nimechoka na haya masoko ya programu za klasta

Wakuu, bili ya wingu, yaani seva tunazokodi mtandaoni, imeingia Jumatatu asubuhi: dola 428. Mwezi uliotangulia ilikuwa 241. Kwa shilingi, tumetoka kama elfu 31 hadi elfu 55 na ushee, na hatujaongeza mteja hata mmoja. Nimekaa siku tatu nikiipekua mstari kwa mstari na sasa nimepata zilikokwenda pesa zetu. Nina hasira, na nitaeleza kwa nini.

Sisi ni watu watatu, ofisi ni chumba kimoja juu ya duka la agroveti hapa Kondele, Kisumu. Mteja wetu mkubwa ni chama cha akina mama wauza samaki kule ufuo wa Dunga. Mfumo wetu hupokea oda za mbuta na omena kutoka kwa hoteli na wachuuzi wa Kibuye, hutangaza bei ya asubuhi na kulinganisha malipo ya M-Pesa na oda. Kabla hujauliza wauza samaki wanataka klasta (seva kadhaa zinazofanya kazi kama moja) ya nini: kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili asubuhi kila mtu anaagiza kwa wakati mmoja, na seva moja tuliyokuwa nayo ilituangusha mara tatu, samaki wakiwa wametandazwa juani. Ndipo tukahamia Kubernetes, mfumo unaogawa kazi kwa seva za klasta, kwenye klasta inayosimamiwa na kampuni ya wingu. Nodi tatu, yaani seva za klasta, dola kama 50 kila moja. Usimamizi senti 10 kwa saa, yaani dola 73 kwa mwezi. Kisawazisha mzigo kimoja, kinachopokea maombi ya nje na kuyagawa, dola 18. Hiyo ndiyo 241, na tulikuwa tumeikubali.

Shida ilianza tulipotaka programu ya foleni ya ujumbe, ili uthibitisho wa malipo usipotee mfumo ukizima kwa dakika mbili. Kampuni hiyo hiyo ina soko lake la programu: unachagua, unajaza jina, unabonyeza, na programu inajipanga ndani ya klasta yako. Ukurasa uliandika kwamba programu ni ya bure, unalipia tu rasilimali itakazotumia. Rasilimali zipi? Ngapi? Hakuna. Nimerudi kuusoma ukurasa ule mara nne na hakuna mahali pameandikwa nambari.

Jaribio la kwanza lilikwama katikati. Kifurushi, yaani faili za kusakinisha programu hiyo, kilikuwa na kipande kilichoandikwa kwa API (njia ya kuzungumza na Kubernetes) ya zamani, ile policy/v1beta1 ya kuzuia podi, yaani nakala za programu zinazoendeshwa ndani ya nodi, zisiondolewe zote kwa mpigo. API hiyo iliondolewa kwenye Kubernetes 1.25, Agosti 2022. Mbadala wake, policy/v1, ulikuwapo tangu toleo la 1.21, Aprili 2021. Klasta yetu hujiboresha yenyewe, ndiyo maana ya kusimamiwa, kwa hiyo ilishapita huko zamani. Kampuni inayopandisha klasta yangu matoleo bila kuniuliza ndiyo hiyo hiyo iliyoacha rafuni kifurushi kisichoweza kusimama juu ya matoleo hayo. Hawapitishi mkono kwenye bidhaa zao wenyewe?

Kijana wetu akabonyeza kufuta. Ukurasa ukasema imefutwa. Tukaamini.

Sikilizeni hapa, maana ndipo pesa zilipoanza kuvuja. Kabla ya kukwama, kifurushi kilikuwa kimeshaumba podi tatu, kila moja na diski yake ya gigabaiti 100. Diski 3, gigabaiti 300, kwa ajili ya ujumbe wa malipo ambao mmoja haufiki kilobaiti 2! Podi zilipofutwa, diski zilibaki. Na najua sababu yake: Kubernetes kwa kawaida haifuti diski za podi za aina hiyo, ili mtu asipoteze data kwa kidole kimoja. Ni uamuzi wa busara na siulaumu. Ninachokilaumu ni ukurasa unaosema "imefutwa" huku mita inazunguka. Tangu toleo la 1.27 mtengenezaji wa programu anaweza kuandika mistari miwili kwenye faili yake, akaamua diski ziondoke pamoja na programu. Hakuandika. Na kama hataki kuandika, basi ukurasa useme: diski zako 3 bado zipo, dola 17 kila moja kwa mwezi, uziache au uziondoe? Sentensi moja tu. Dola 51 zimekwenda kwa diski ambazo hazijawahi kushika hata ujumbe mmoja.

Jaribio la pili, toleo jipya zaidi, lilisimama vizuri na tukafurahi. Kumbe kila podi ilikuwa imejiandikia CPU (kichakataji) nzima na nusu. Si kwamba inazitumia. Nimepima, hata asubuhi ya Ijumaa haifiki sehemu ya kumi ya CPU moja. Lakini Kubernetes hugawa nafasi kwa kile ulichoomba, si kwa kile unachotumia. Nodi zetu za CPU 2 zilikuwa na wenyeji wake, nafasi haikutosha, basi klasta ikajiongezea nodi mbili. Nilitegemea usiku, kazi ikipungua, zitaondoka. Hazikuondoka hata siku moja, kwa sababu CPU zilizoombwa hazipungui usiku, na isitoshe podi za kifurushi hicho zinaandika faili za muda kwenye hifadhi ya ndani ya nodi, na kipanuzi cha klasta, kile kinachoongeza na kupunguza nodi, kikiona hivyo kwa kawaida hakithubutu kuigusa nodi. Dola 100.

Zikabaki dola 36, na hizi ndizo zilizoniumiza kuliko zote, ingawa ni ndogo. Kifurushi kilifungua visawazisha mzigo viwili vya nje, kila kimoja na anwani yake ya intaneti: kimoja cha paneli ya usimamizi, kingine cha vipimo. Hatukuomba. Paneli ya kusimamia foleni ya malipo ya akina mama wa Dunga ilikaa wazi mwezi mzima mbele ya dunia, imelindwa na nywila peke yake. Nilipofungua kumbukumbu zake nilikuta mamia ya majaribio ya kuingia kutoka anwani nisizozijua. Hakuna aliyefaulu, nimehakikisha mara mbili. Lakini usiku huo sikulala. Kuna namba za simu za watu mle. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitamuuliza mwenye soko la programu, itaniuliza mimi.

Na wakati wa kusakinisha, kifurushi kiliomba ruhusa za klasta nzima. Fundi anakuja kufunga bomba la jikoni, anadai funguo za vyumba vyote pamoja na sanduku la pesa, na ukimnyima hafanyi kazi. Foleni ya ujumbe inahitaji chumba chake tu. Inataka nini kwenye siri za programu nyingine?

Nikaandikia msaada kwa wateja. Jibu lilikuja siku ya nne: wao husimamia klasta, programu ni ya mtengenezaji, niwasiliane naye. Mtengenezaji akajibu kwamba mambo ya bili na diski ni ya kampuni ya wingu. Nikawarudia wa kwanza na jibu la wa pili. Wakafunga tiketi. Kuna wakati wa kubonyeza kila mtu anaweka nembo yake kwenye ukurasa, na wakati wa kulipa hakuna mwenye mtoto.

Mama Mwenyekiti alinipigia jana, maana chama hulipia sehemu ya gharama za seva na nilikuwa nimemwambia bili imepanda. Akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hizo pesa za juu zimenunua nini?" Nilimwambia ukweli, mama, hazijanunua kitu. Akanyamaza, kisha akasema kwa bei ya leo hizo ni debe kadhaa za omena. Sitamtoza. Lakini zimetoka mfukoni mwa ofisi, na kijana wetu aliyemaliza chuo mwaka huu atasubiri posho yake hadi tarehe 15, kwa kosa lisilo lake.

Ninachodai kiko wazi. Kabla ya kitufe, nionyeshwe hesabu: podi ngapi, CPU ngapi zimeombwa, diski za ukubwa gani, anwani ngapi za nje, na makadirio ya mwezi. Taarifa zote hizo zimo ndani ya faili za kifurushi. Kompyuta inaweza kuzijumlisha kwa sekunde moja. Anwani ya nje isifunguliwe mpaka niiombe mwenyewe. Na dola 187 zangu zirudi. Nimefungua tiketi nyingine leo, nimeambatanisha kila mstari wa bili.

Kwa mlio na klasta kama yangu, msingoje mwisho wa mwezi. Andikeni kubectl get pvc -A muone diski zilizoachwa na programu mlizofuta, kisha kubectl get svc -A mtafute kila iliyo na anwani ya nje. Angalieni pia ukurasa wa diski wa kampuni yenyewe, maana sera ya diski ikiwa ni ya kuhifadhi, diski hubaki hata dai lake (hiyo pvc, ombi la programu la kupewa diski) likifutwa. Mimi nimeziondoa zote, nimeandika faili zangu mwenyewe, CPU robo kwa kila podi na diski za gigabaiti 5, na asubuhi ya leo foleni haijakwama hata mara moja. Nodi zimerudi tatu.

Fanyeni usiku huu mniambie mmekuta diski ngapi. Na kama kuna aliyewahi kurudishiwa pesa, aseme aliandika nini kwenye tiketi yake.