Mjadala: Gari la Belfast kwenye barabara za Basra, nani alipaswa kusema hapana?

Mwanzisha mada

Wakuu, salaam. Kuna jambo limenikaa kichwani tangu nisome ripoti ya Sir John Chilcot, ile ya 2016 kuhusu Uingereza na vita vya Iraq. Nalileta hapa tulijadili kwa hoja.

Waingereza walikuwa na gari wakiliita Snatch. Ni Land Rover, hii hii tunayoijua, ila bodi yake imevikwa deraya nyepesi isiyo ya chuma. Lilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya Ireland Kaskazini, kwenye miji kama Belfast: doria za mitaani, mawe, chupa za petroli, risasi za hapa na pale. Kwa kazi ile lilifaa. Lilipita uchochoroni na halikutisha watu. Lakini chini, pale miguu ya askari inapokanyaga, kinga ilikuwa ndogo mno.

Gari hilo hilo likapelekwa Iraq, kisha Afghanistan, kwenye mabomu ya kutegwa barabarani. Askari wasiopungua 37 walikufa wakiwa ndani ya Snatch. Wenzao wakayaita majeneza yanayotembea.

Chilcot alisema mambo mawili. Kwanza, kuchelewa kupeleka magari ya doria yenye kinga ya kutosha hakukupaswa kuvumiliwa. Pili, haikuwa wazi ni nani hasa katika Wizara ya Ulinzi aliyekuwa na jukumu la kulitambua pengo hilo na kulisemea. Watu wengi wanashika la kwanza. Mimi nimeshika la pili.

Maana dawa ilikuwepo, tena imetoka Afrika. Miaka ya 1970 jeshi la Rhodesia na lile la Afrika Kusini ya makaburu yalikuwa yakikanyaga mabomu ya wapigania uhuru, ambao baadhi yao walipata mafunzo hapa kwetu, Mgagao, Iringa. Mafundi wao wakabuni gari lenye tumbo la umbo la V, mfano wa jahazi. Bomu likilipuka chini, nguvu yake inapasuliwa na kutupwa pembeni badala ya kupanda moja kwa moja kwa waliokaa juu. Tusisahau magari yale yalimlinda nani na dhidi ya nani. Lakini ujuzi wenyewe ulikuwa umeshafanya kazi kwa miaka 30 kabla askari wa kwanza wa Snatch hajauawa Iraq.

Swali langu: wizara ya London ilikosa hela, ilikosa gari, au ilikosa mtu wa kusimama na kusema "hili hapana"? Mimi nasema ilikosa mtu.

Askari mstaafu, Dodoma

Kijana wangu, umesema vizuri, ila unaongea kama mtu ambaye hajawahi kusukuma gari la deraya.

Nilikuwa kwenye kulinda amani Darfur. Mvua ya saa moja tu ilinyesha, gari letu likazama kwenye wadi, yaani korongo la mto mkavu, mpaka ekseli. Tulishinda pale hadi jua linazama, tunachimba kwa sepeto. Gari lina chuma cha kutosha, lakini sisi wote tuko nje, tumeinama, migongo iko wazi kwa yeyote mwenye bunduki.

Ndiyo maana nasema uzito nao unaua. Mastiff, gari lililokuja kuziba pengo la Snatch, lina zaidi ya tani 20. Lipitishe kwenye vichochoro vya mji wa Basra, Iraq, au juu ya vijidaraja vya mifereji kule Helmand, Afghanistan. Utabaki barabara kuu, na adui anajua hiyo barabara ni moja. Halafu ukiongeza chuma, naye anaongeza baruti. Mwaka 2007 kifaru cha Challenger 2, chuma kizito kuliko vyote walivyokuwa navyo, kilitobolewa kwa chini kule Basra na dereva akajeruhiwa vibaya. Kamanda aliyetaka askari wake washuke, wasalimie watu, wapate habari za mtaa, hakuwa mjinga. Doria ya kuchungulia wenyeji kupitia kioo kinene haikuletei habari yoyote.

Mdau, Muscat

Jamani, mimi niko Oman, na mfano wa huku mnausahau. Mwaka 2001 Waingereza walileta watu zaidi ya 20,000 kwenye mazoezi ya pamoja ya Saif Sareea II. Vifaru vyao havikufanyiwa marekebisho ya jangwani kwa kuwa gharama ilionekana kubwa mno kwa mazoezi tu. Sasa vumbi la huku ni laini kama unga wa ngano, linaingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Filta za hewa za Challenger 2 zikawa zinaziba baada ya saa nne hivi. Viatu vya askari navyo viliachia soli kwa joto.

Lakini mkaguzi wa hesabu za serikali yao aliyaandika hayo wazi mwaka uliofuata. Na 2003, walipoingia Iraq, vifaru vilikuwa vimefungiwa vifaa vya kuzuia vumbi, ingawa kwa pupa dakika za mwisho, na vilifanya kazi. Kwa hiyo namuunga mkono mwanzisha mada: kasoro ikipata mtu wa kuiandika na kuitaja, inashughulikiwa.

Mdau, Nairobi

Na gari la vita vya leo, kesho mtalifanyia nini? Mastiff nyingine zimegawiwa Ukraine mwaka 2022. Na Ajax, magari mapya ya deraya ya Waingereza, 589 kwa mkataba wa 2014, pauni bilioni 5.5, majaribio yake yalisimamishwa kwa sababu kelele na mtikisiko viliumiza askari waliokuwa ndani. Hela ilikuwepo hapo. Tatizo halikuwa hela.

Mwanzisha mada

Mzee wangu wa Dodoma, shikamoo. Hoja ya sepeto nimeipokea, na kwa hilo narekebisha kauli yangu: sisemi Snatch lingepigwa marufuku kila mahali. Kamanda alipaswa kuwa na cha kuchagua. Pale Basra kati ya Snatch na deraya la minyororo la Warrior hapakuwa na gari la uzito wa kati lenye kinga ya kutosha. Yeye hakuchagua wepesi, alipewa wepesi.

Na angalieni muda. Julai 2006 serikali ilitangaza kununua Mastiff. Kabla ya mwaka ule kwisha, ya kwanza yalikuwa yameshafika Iraq. Miezi isiyozidi sita! Kilichochukua miaka ni uamuzi.

Familia zilipokwenda mahakamani, wizara ilipinga, ikidai mambo ya vita si ya hakimu. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ikaziruhusu ziendelee na kesi. Mama mmoja, ambaye mwanawe aliuawa ndani ya Snatch kule Al Amarah mwaka 2005, alipata barua ya kuombwa radhi kutoka kwa Waziri wa Ulinzi, Michael Fallon. Barua ilikiri kwamba magari mengine yangeweza kuokoa maisha. Ilimfikia mwaka 2017.