Kutembea peke yangu kwa siku moja: Arabuko-Sokoke hadi Mida

Mkaazi wa Kisauni
Assalamu aleikum. Nakusudia kuondoka Mombasa alfajiri kwa matatu ya Malindi, nishuke Gede, nitembee peke yangu katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kisha alasiri niteremke hadi hori la Mida kutazama ndege. Je, ni salama kwa mtu asiye na mwenziwe?

Mzee wa Kilifi
Waaleikum salaam, ndugu yangu. Siku moja yatosha, kwani msitu na hori vimetengwa na barabara kuu tu. Lakini msituni usiingie peke yako. Ni takriban kilomita za mraba 420, wamo ndovu na nyati, na kwenye vichaka vya miti ya mfunda, ambako huoni hatua chache mbele, ndovu atakujua upo kabla hujamjua. Chukua mwongozaji pale langoni; ndiye anayejua bundi mdogo wa Sokoke amelala tawi gani mchana.

Mkitulia asubuhi mtasikia majani makavu yakichakarika. Huyo ni sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama asiyepatikana nje ya Kenya, ambaye huchokora majani kwa pua yake ndefu akitafuta wadudu, na akishtuka huruka mbio hata ukabaki na lile baka la manjano tu machoni. Kwangu mimi, yeye peke yake anatosha kumtoa mtu Mombasa.

Binti wa Mida
Kuhusu hori, tazama kwanza majira ya maji. Siku za bamvua, yaani za maji makuu mwezi unapoandama au kupevuka, bahari yetu hukupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi na kujaa mnamo saa kumi alasiri. Kwa hiyo ukitoka msituni adhuhuri utayakuta maji yakirudi, yakiwasogeza ndege waliotawanyika topeni hadi karibu na kibanda cha kutazamia, mwisho wa daraja la mbao linaloning'inia juu ya mikoko. Kuanzia Agosti hadi Aprili utawaona ndege waitwao wala-kaa, weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambao huenda kuzaliana pwani za Arabuni katika mashimo wanayoyachimba mchangani. Darajani waweza kwenda peke yako, ila usikate njia topeni, kwa sababu maji yakijaa hutangulia kuingia mifereji iliyo nyuma yako.

Mkaazi wa Kisauni
Nawashukuru sana. Basi nitangojea bamvua ya mwezi mpevu, na nitamwomba mwongozaji tuanzie upande wa mfunda.